Namba Tano Haina Mtu

Sanduku la mafaili lilizimika siku tatu, na lilipowaka siku ya nne halikumjua mtu hata mmoja.

Ni kisanduku cheusi, ukubwa wake kama mkate, kinakaa kwenye rafu nyuma ya mashine ya vifungo. Kompyuta zote za karakana yetu zimeunganishwa nacho. Humo ndimo ilimo michoro ya nguo zote tulizowahi kushona, na vipimo vya wateja. Kila fundi ana jina lake na neno lake la siri, anafungua droo yake tu. Siku hiyo tulihitaji mchoro mmoja, wa majoho arobaini ya wahitimu. Walikuwa wayavae kesho kutwa. Mashine ya kukatia haikati bila mchoro, na aliyeahidi ni binti yangu.

Fundi kompyuta tunamwita Bwana Subiri, kwa sababu ndilo neno lake. Alifika saa tatu asubuhi.

"Mafaili yote yapo, mama," alimwambia binti yangu. "Yaliyopotea ni majina ya watu na makundi yao. Nakala ya mipangilio mnayo?"

"Nakala ya mafaili tunayo."

"Nauliza ya mipangilio."

Binti yangu akanitazama mimi, kama vile nimeishonea mfukoni.

Basi Bwana Subiri akatuandika upya, akifuata karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani: binti yangu, mimi, Kidole mkataji, kisha mpiga pasi. Akatugawa, wakataji kundi lao, washonaji kundi lao.

"Jaribuni sasa."

Binti yangu akafungua droo yake, zikatoka suruali pana za kizamani. Mimi nikafungua yangu, nikakuta vipimo vya wateja vya binti yangu, viuno vya wake za watu nje nje. Mpiga pasi alipata kola zangu. Kidole alipata vigauni vya watoto ambavyo hajawahi kuvikata. Joho halikuonekana kwa yeyote.

"Subirini," akasema fundi.

"Ukilitamka tena hilo neno nitakupiga pasi na shati likiwa mwilini," binti yangu akamjibu.

Akatufuta, akatuandika tena. Yale yale. Akarudia mara ya tatu. Yale yale. Saa sita ikapita. Jora jeusi lilikuwa limetandazwa mezani tangu asubuhi, na Kidole amekaa kando yake akilipangusa vumbi lisilokuwepo.

"Niwafungulie wote kila kitu?" fundi akauliza.

"Na vipimo vya wateja?" binti yangu akasema. "Huyu mpiga pasi akiviona, kesho mtaa mzima unajua nani kanenepa."

"Nipo hapa, dada, nasikia," akasema mpiga pasi.

"Nimesema ili usikie."

Mimi nilikuwa nashona vifungo, lakini zile suruali hazikunitoka machoni. Pindo la vidole vitatu, mfuko wa saa kiunoni. Nikaweka sindano chini.

"Mwanangu, hizo ni suruali za marehemu baba yako."

Nikamgeukia fundi. "Hebu niambie, baba. Hilo sanduku linatujua kwa majina?"

"Kwa namba, bibi. Wa kwanza kuandikwa ni moja, anayefuata mbili. Faili linakumbuka namba ya mwenyewe."

"Mbona wa kwanza hapa hukumwandika?"

"Nani?"

"Mume wangu. Siku lilipoletwa alikaa kiti kile, miwani puani, akaandikwa kabla ya wote. Akafuata binti yangu. Wa tatu mke wa mwanangu, yule mwenye vigauni. Wa nne mimi. Kidole alikuja baada ya mvua zile kubwa, wa tano. Umemfanya wa tatu."

Fundi akajishika kichwa. "Namba tano haina mtu. Ndiyo maana joho halifunguki. Kwa nini hamkuniambia kuna walioondoka?"

"Hukuuliza," tukamjibu karibu wote.

"Yule wifi simwandiki," binti yangu akasema. "Aliondoka na mkasi wangu mkubwa."

"Hatumwiti chai, mwanangu. Anashika nafasi tu. Au uwaandikie wale wahitimu barua?"

Binti yangu akayaandika mwenyewe majina yote kwa mpangilio wa zamani, akibonyeza kila herufi kama anaua mbu. Jina la baba yake aliliandika polepole.

Saa nane na robo Kidole akafungua droo yake. Joho likajaa kwenye kioo cha kompyuta, mabega, mikono, kofia. Akawasha mashine.

"Nimechukua na nakala ya mipangilio," Bwana Subiri akasema akifunga mkoba. "Msihangaike tena."

"Umeiweka wapi?" nikamuuliza.

"Humo humo sandukuni, bibi."

Nikamtazama. Akafungua mkoba tena, akatoa flashi, akaketi. Alipomaliza akanipa, nikaitia kwenye kopo la vifungo, nikarudi kwenye sindano yangu. Majoho arobaini, kila moja vifungo sita.