Jibu Kabla Watoto Hawajaamka

...maana hata akisema ndiyo, hiyo shahada yenyewe ni ya kwenye simu, na mtu akimuuliza ulisomea wapi atasema nini, nilisomea jikoni, nilisomea kitandani, nilisomea hapa hapa kwenye mkeka wa chekechea nimelala ubavu, mkono mmoja unampigapiga mgongoni binti wa kinyozi, ambaye ndiye pekee darasa zima aliyekataa kusinzia, mkono wa pili umeshika simu, sikio moja lina waya wa kusikilizia na lingine linawalinda watoto, piga, piga, taratibu, na tena swali la ulisomea wapi si la leo, la leo ni la mkuu wa shule, aliyechungulia mlangoni sasa hivi akanong'ona kwamba watoto wakiamka anataka jibu, Ticha anajiunga na masomo au hajiungi, kwa sababu muhula ujao asiye na shahada, na wala haisomei angalau, hapewi darasa, atasaidia jikoni... jikoni, kuosha vikombe, baada ya miaka yote hii ya kufuta makamasi na kufunga kamba za viatu, huku darasa lake akipewa binti mmoja mbichi aliyetoka chuoni juzi, asiyejua hata kwamba mtoto aliyesinzia humwondolei mkono kwa pupa, unaondoa kidole kimoja kimoja, ukikosea umeamsha darasa zima.

Sikioni mhadhiri anaendelea, mwanamke mwenye sauti ya mafua, ni somo la bure la kuonja kabla hujajiandikisha, ...hatua ya pili ya ukuaji... kama inavyoonekana hapa... hapa wapi, kumbe kuna mchoro na simu ameigeuza juu chini, ndiyo hayo, bado hajaanza ameshaachwa nyuma, na wifi yake angemwona sasa hivi angecheka mpaka ashike mbavu, wifi anayeajiri watu huko ofisini kwao, aliyekaa sebuleni kwake akichokonoa meno na kusema, “Wifi, vyeti hivyo vya mtandaoni sisi tunaviweka chini kabisa ya rundo,” akasema kwa upole kabisa, kama anayempa pole ya msiba, na ni wifi huyo huyo aliyempa jina la Bembea, kwa kuwa popote anaposimama, kwenye foleni ya benki, makaburini, Bembea huyumba kushoto na kulia kana kwamba amebeba mtoto, na afadhali hilo, kuliko siku ile ya kikao cha harusi, ndugu wa mume walipokuwa wanabishana na yeye bila kufikiri akapiga makofi matatu akaimba ule wa kunyamazisha watoto, midomoo... na watu wazima wale wakanyamaza, baba mkwe naye akanyamaza, nusura aweke kidole midomoni, alitamani ardhi ipasuke, na ndicho anachokiogopa hasa, si rundo la wifi, anaogopa kwamba kichwani hamna kitu tena isipokuwa nyimbo za kunawa mikono, kwamba atafungua somo la kwanza na akili itakataa kama mtoto anayekataa kijiko... piga, piga... na mume hakumkataza, angemkataza wangegombana yakaisha, alisema tu, “Wewe tu, mama watoto,” na Bembea anaijua hiyo wewe tu, mume wake ni fundi wa friji, ndivyo anavyomwambia mteja ambaye friji lake limeshakufa ila mwenyewe ndiye hataki kuamini, wewe tu bosi, ukitaka nitengeneze nitatengeneza, na ilimuuma sana, inamuuma mpaka sasa, yeye ndiye friji au...

“Kwa nini,” akauliza mwanamke wa mafua, “mtoto aliyeshinda vizuri kutwa nzima huangua kilio pale tu anapomwona mzazi wake mlangoni?” na mkono wa Bembea ukasimama, binti wa kinyozi akainua kichwa, haya haya, piga, piga, lala mama... nani kamwambia huyu mwanamke, maana ni huyu huyu mtoto, anacheza, anakula, anacheka, kinyozi akitokea tu mlangoni anajibwaga sakafuni na kulia kama aliyepigwa, na kinyozi anamtazama Bembea kwa jicho lile, umemfanya nini mwanangu, mpaka siku moja akauliza mbele ya wazazi wenzake, “Ticha, mbona akiniona mimi ndiyo analia?” na yeye akajibu amechoka tu, wazazi wangapi amewaambia amechoka tu, na wote wakaitikia, na hakuwa anajua, hajawahi kujua, na yeye mwenyewe je, kutwa nzima anatabasamu, mkuu anamsifu kwa kutabasamu, anafika nyumbani mume anampokea mkoba, pole na kazi, na hapo hapo machozi, mume anaduwaa, nimekosea nini, hujakosea kitu, sasa kwa nini... na sauti sikioni ikakatika, ikaja nyingine ya furaha, kuendelea na somo hili jiandikishe sasa, wajanja hawa, wamekata pale pale kwenye utamu, hasira ikampanda, isingekuwa watoto wamelala angeitupa simu, labda ni kwa sababu mtoto alijizuia kutwa nzima, labda amepata pa kuangukia, labda, lakini labda aliyoitunga mwenyewe mkekani haimtoshi, na ndipo akagundua kwamba tangu swali lile wifi hakumpitia kichwani, wala mkuu, wala rundo, kwamba kama shahada hiyo inafaa au haifai watu wote wameshauliza na kila mtu ana lake, na kwamba hata wakimpeleka kwenye vikombe angependa aende huko akiwa anajua.

“Ticha,” akanong'ona binti wa kinyozi, macho makavu kabisa, “baba akija nitalia.”

“Kwa nini?”

Mtoto akafikiri. “Sijui.”

“Hata mimi sijui, mama,” Bembea akamwambia, “ila nitakwenda kuuliza,” na mkono ukaendelea, piga, piga, na mtoto hakulala.