Ndiva Iliyofunguka Yenyewe

Dorkas alikuwa amekaa uani akichambua maharage ya makande, Bibi Agatha akaingia bila hodi, jembe begani, gauni limejaa vumbi mpaka kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, ila leo sikuja kusalimiwa. Mwanao yuko wapi?"

"Careen? Si yuko Same, kazini."

"Basi mwambie hivi. Zamu ya maji leo ilikuwa yangu. Nimepanda hadi ndiva, nimekuta vyura wanarukaruka kwenye matope. Shamba langu limepasuka, ukitia kidole kinazama. Lako, Mama Careen, nimepita nimeliona. Linameremeta kama limepakwa mafuta." Akateremsha jembe. "Lile dude la mwanao linajua sana mahali alipozaliwa."

Akaondoka. Ungo ukabaki mapajani mwa Dorkas, na maharage mabaya na mazuri yamekwisha kuchanganyika upya.

Kwa asiyeijua milima ya Upare, ndiva ni bwawa la mababu, limejengwa kwa mawe na udongo juu ya mashamba. Usiku maji ya kijito yanajikusanya humo. Asubuhi mwenye zamu anafungua, maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake, akimaliza anampigia ukelele mwenye zamu inayofuata. Ndiva ya Kwamkonga ilifungwa kwa kizibo cha gogo tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Gogo lilioza likabadilishwa, likaoza likabadilishwa, mpaka Careen, binti wa Dorkas, fundi umeme, alipokuja na mlango wa chuma wenye mota na sola, kipima maji, na laini ya simu ndani ya kisanduku. Ukiwa na simu yako unafungua na kufunga, na unaona kina cha maji hata kama uko sokoni Same.

"Taarifa zote zinakaa kwenye klaudi," Careen aliwaeleza wazee siku ile. "Ni kama ghala la mbali la kompyuta. Kifaa kinaongea na ghala, ghala linaongea na simu yako."

Wazee walipiga makofi. Dorkas hakupiga. Yeye tangu Careen akiwa mtoto alikuwa mama wa kuona hatari kwanza. Mtoto akicheka sana, Dorkas huangalia kama hajameza kitu. Siku ile alimvuta binti yake kando na kumuuliza, "Na mwizi naye akiongea na hilo ghala?"

"Mama, lina neno la siri. Nimempa mwenyekiti wa ndiva peke yake. Tulia."

Sasa atulie vipi? Kamati ya ndiva ilikwisha kutoa neno: Jumamosi ni msaragambo, kijiji kizima kinapanda na majembe kuzibua mfereji. Mpaka siku hiyo, mwizi wa maji asipojulikana, mlango wa chuma ung'olewe, gogo lirudi, na Careen asiguse ndiva nyingine yoyote mlimani. Watu hawakusema mwizi ni Careen. Walisema tu shamba la mama yake linameremeta, wakanyamaza, na ule unyamavu ulikuwa mbaya kuliko kusema.

Dorkas alimpigia binti yake.

"Careen, mwanangu, wewe si unaona kwenye kompyuta nani anafungua?"

"Naona, mama."

"Ni nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kumwambia mama yako aliyekuzaa?"

"Mama, tafadhali niache. Ni mtu ambaye siwezi kumtaja. Bora waning'olee mlango wangu."

Simu ikakatwa. Hapo moyo wa Dorkas ulianza kusaga bila nafaka. Ni mwanamume, alijisemea. Mwanangu amepata mwanamume, amempa ufunguo wa maji ya watu, na sasa anamfichia. Akamchora kabisa kichwani, mrefu, ana pikipiki, ana mke kule mjini Mwanga. Kufikia jioni alikuwa amekwisha kumchukia mpaka kofia yake.

Asubuhi yake hakwenda shambani. Alibeba khanga ya kujifunika, kiporo cha makande kwenye bakuli, akapanda ndiva, akajibanza kwenye vichaka vya ukingoni. Huyo mwanamume lazima aje. Akija atamwona.

Jua lilitoka juu ya bonde la Mkomazi, barabara kuu kule chini ikawa uzi mweupe, magari yakipita kama siafu. Ndiva ilikuwa imejaa pomoni. Hakuja mtu. Alikuja kunguru akanywa akaondoka. Dorkas alikula makande. Aliangalia kushoto, kulia, njiani. Mara kile kisanduku kikalia *krrrr*, mlango wa chuma ukajiinua wenyewe, maji yakaruka mferejini kwa kishindo.

Bakuli lilimdondoka. Hakuna mkono! Hakuna mtu! Akashika tawi la kichaka, akayaangalia maji yakishuka. Na kwa kuwa aliyafuata kwa macho, ndipo alipomwona Victoria, jirani yake wa shamba la chini, amesimama katikati ya maharage yake, simu sikioni, mkono mwingine anaupunga hewani kama anaongoza kwaya.

"Yanakuja, mwanangu! Yanakuja, Mungu akubariki! Acha hivyo hivyo kidogo!"

Dorkas alishuka ule mteremko bila kujua ameshukaje.

"Victoria! Unaongea na nani?"

"Na nani tena? Na Fredrick wangu, yuko Arusha." Victoria alikuwa anacheka. "Nimemwambia maharage yanasinyaa, amenifungulia! Watoto wa siku hizi, Mama Careen, ukiwa na wa kukuonea huruma hata akiwa mbali..."

"Fredrick anafungua ndiva? Leo ni zamu ya Mzee Sifael!"

"Ah, kidogo tu. Kikombe."

"Nani kampa neno la siri?"

Victoria akamshangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa nani kampa Yesu jina. "Nimempa mimi. Kwani wewe hukuwepo? Mzee Anaeli si alitangaza kanisani?"

Dorkas hakuwepo. Jumapili ile alikuwa na homa. Kwa hiyo Victoria ndiye aliyemhadithia, maji yakipita miguuni mwao: baada ya ibada, kwenye matangazo, kati ya habari za mnada wa ndizi na habari za kipaimara, Mzee Anaeli mwenyekiti alisimama na miwani yake akasema ndiva ni ya wote, haijawahi kuwa na siri tangu mababu, na yeye hataki kufa na deni hilo. Neno ni Kwamkonga, K iwe kubwa, halafu moja mbili tatu. Akalirudia kwa faida ya waliokaa nyuma. Kwaya ikaitikia amina.

"Kila mtu anaye mtoto mbali," Victoria alisema. "Mama Jenifer anafunguliwa kutoka Dodoma. Asheri ana kaka yake Tanga. Sisi tulidhani ndivyo kifaa kinavyotumika."

Basi ikaeleweka na sababu ya shamba la Dorkas kumeremeta. Liko la kwanza mferejini. Kila mtoto mwema aliyemfungulia mama yake kikombe, kikombe kilipita kwa Dorkas kwanza, na mlango wake wa udongo, ule wa kuzuia maji yasiingie shambani, ulivuja. Kwa Bibi Agatha, mwisho kabisa wa mfereji, hakikufika kitu.

Hapa panafaa kusikilizwa na kila mzazi ambaye mwanawe amemfungia kamera getini, au pampu ya kuwashwa kwa simu, au taa, au chochote kinachoongea na ghala la mbali. Watu wa Kwamkonga hawakuwa wezi. Walikuwa wema. Neno moja likigawiwa kwa watu wema hamsini, mlango huo si mlango tena, na mwizi wa kweli akija hatahitaji hata kuvunja. Msiseme hamkuambiwa.

Careen alifika Ijumaa mchana kwa pikipiki, uso umekonda. Mama yake alimketisha, akamweleza yote. Careen alisikiliza mpaka kwenye kwaya na amina, akaanza kucheka, akashika mbavu, akacheka mpaka machozi, na machozi yale katikati yakageuka ya kweli.

"Mama, mimi kwenye kompyuta naona jina moja tu. *Mwenyekiti amefungua. Mwenyekiti amefungua.* Asubuhi, mchana, jioni. Nikajua babu Anaeli anaiba maji. Babu aliyenishika kwenye ubatizo! Ningesimama wapi mbele ya watu nikamwita mwizi?"

"Kwa hiyo hakuna mwanamume?"

"Mwanamume gani?"

"Basi. Kula."

Lakini alikula kidogo tu. Kwa Mzee Anaeli walikwenda wawili, na Careen alipiga goti la shikamoo. Dorkas ndiye aliyesema. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ina maana huyu mtoto amekubali kuitwa mwizi, ili nisiitwe mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Kesho," mzee alisema, "nitatangaza tena."

Jumamosi watu walijaa ukingoni mwa ndiva, majembe, mapanga, sufuria za uji. Mzee Anaeli alisimama juu ya jiwe akasema kosa ni lake, mtoto hana hatia, alinyamaza kwa heshima. Watu wakaguna. Ndipo Careen akatoa shauri lake: kila kaya iingizwe kwenye klaudi kwa jina lake na neno lake, na mlango usikilize kaya yenye zamu peke yake. Asiye na simu kubwa atumie kitochi, atume namba zake kwa ujumbe tu.

Mzee Sifael alisimama na panga lake. "Siri kwenye ndiva? Babu zetu watatucheka. Kesho mtatuambia tufiche na mfereji."

"Kweli!" watu walisema. "Ndiva haina siri! Lirudi gogo!"

Careen aliinamia simu yake. Wote mbele yake walikuwa wa kuamkiwa. Na Dorkas, ambaye kwenye mikutano hukaa nyuma karibu na sufuria, alijikuta amesimama na mwiko mkononi.

"Mzee Sifael, samahani. Zamu haina siri. Tangazeni zamu kanisani, itangazeni kwa Omari mwadhini pale msikitini chini, itangazeni mnadani. Lakini enzi za gogo, nani alifungua ndiva akiwa Arusha? Ilibidi apande hapa. Tulimwona mgongo, tulimwita jina, akaona haya. Hiki kisanduku hakina haya. Anayefungua haonekani mgongo. Sasa mwanangu anataka kila anayefungua aonekane jina lake. Hiyo ni siri, au ndiyo mila yenyewe?"

Mzee Sifael alilishusha panga lake.

"Huyu mama," alisema polepole, "miaka yote tumemwachia uji."

Kicheko kilipasuka, na jambo likapita katika kicheko hicho. Waliandikishwa palepale, mmoja mmoja, Careen amekaa juu ya mzizi na simu yake, kila mtu akimnong'oneza namba zake sikioni kwa uso wa kanisani. Asheri akazisema kwa sauti, akafukuzwa arudi na nyingine.

"Tujaribu!" watu walidai. "Mpigieni Fredrick!"

Victoria alimpigia mwanawe, akaweka sauti ya wote.

"Fredrick, mwanangu, nifungulie kidogo."

"Sawa, mama, subiri... Natia Kwamkonga, K kubwa..." Watu walikodolea macho mlango wa chuma. "Inakataa. Narudia... Mama, imenitoa nje kabisa! Kuna nini huko?"

"Kuna watu mia wanakusikia!" Asheri alipiga kelele, na mlima mzima ukalipuka. Kule Arusha simu ilikatwa haraka.

"Zamu ya nani?" Mzee Anaeli aliuliza.

Walimgeukia Bibi Agatha. Alikuwa amesimama pembeni na kitochi chake kilichofungwa mpira, haamini. Akabonyeza kwa kidole gumba, moja moja, midomo ikimsaidia. Akatuma. Kisanduku kikalia *krrrr*, mlango ukainuka, maji yakatoka na kishindo.

Hakuna aliyebaki kula uji. Watu walikimbia kando ya mfereji, sambamba na kichwa cha maji, wakikipigia vigelegele kama wanamsindikiza bibi harusi. Yalipita kwa Dorkas, na Dorkas mwenyewe aliruka na jembe akagandamiza udongo wake usivuje hata tone. Yakapita kwa Victoria. Yakapita kwa Mama Jenifer, kwa Asheri, yakazidi kushuka, yakapungua mwendo, yakakunja kona ya mwisho na kuingia kwenye zile nyufa. Ardhi iliyanywa kwa sauti. Kisha ikashiba, na maji yakaanza kusimama kati ya mistari ya maharage.

Bibi Agatha aliingia humo na viatu vyake, akasimama mpaka yakamfika vifundoni.

"Careen!" aliita. "Njoo hapa, fundi wangu! Njoo nikushike mkono watu waone!"

Careen alishuka mbio. Dorkas alibaki juu, jembe mkononi, matope mpaka magotini, akimwangalia mwanawe anavyozungushwa katikati ya maji na bibi aliyekula chumvi nyingi. Alicheka sana. Halafu, kwa kuwa alikuwa yeye, akaweka mikono mdomoni akapaza sauti kuelekea bondeni:

"Careeen! Na wewe neno lako, usimwambie mtu! Hata mimi!"