Kilichobaki Kwenye Sufuria

Siku walipokuwa wanafunga godoro kwa kamba ili wahamie chumba chao cha kupanga, mama mkwe hakulia wala hakugomba. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema lake moja tu.

"Nendeni. Ila mkwe wangu, huyu mume wako tunamwita Pipa tangu utotoni, na hatumsingizii. Siku ukishindwa kumlisha mtarudi hapa, na mkirudi ujue jikoni ni kwangu. Hata mtoto akija, uji wake nitaukoroga mimi."

Watu walicheka, na Pipa mwenyewe alicheka kuliko wote. Bibi harusi hakucheka. Alikuwa ameishi katika nyumba ile miezi miwili tangu waoane, akiomba hata chumvi kwa adabu, na kitu alichokitamani kuliko vyote kilikuwa jiko lake mwenyewe, ambamo mume wake atashiba na mtoto wake atajifunza kula. Akaapa moyoni kwamba harudi.

Alikuwa karani wa ghala la vyakula vya jumla, na mumewe alimwita hivyo hivyo, Karani, hata wakiwa wawili tu. Pipa alikuwa fundi rangi, mrefu, mwenye mabega mapana na viatu vyenye madoa ya nyumba za watu. Mapato yao ukiyaweka pamoja yalitosha kodi, na baada ya kodi ilibaki hela ya kubana kweli kweli.

Kubana, Karani alikujua. Kule ghalani alishika daftari lenye safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Bosi wake alimfundisha kwamba bidhaa ikibaki kwenye rafu, maana yake uliagiza nyingi kupita haja, basi agizo lijalo upunguze. Kanuni nzuri hiyo, kwa sabuni na viberiti. Yeye akaibeba nzima nzima mpaka nyumbani.

Jioni ya kwanza walikaa sakafuni, maana viti havikuwepo, wakapanga. Unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, mkate wa asubuhi, sabuni, mkaa. Chakula cha mchana cha Karani hakikuandikwa, kwa sababu ghalani wafanyakazi walipikiwa. Cha Pipa kiliandikwa: sarafu kadhaa kila siku, za kununua sahani moja kwa mama anayeuza chakula karibu na jengo. Mchele wa jioni ulipangiwa vikombe vitatu. Kikombe kilikuwa cha bati, kimevunjika mkono, na Karani alikijaza kisha akapitisha mgongo wa kisu juu yake, mchele ukawa sawasawa na ukingo. Hakuna punje iliyozidi.

"Mke wangu," Pipa akasema, "hata mimi utanipitishia kisu?"

"Ukizidi, nakupitishia."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Zilikuwa siku tamu, hilo lazima lisemwe. Mwezi wa kwanza Pipa alikwangua sufuria kila jioni, akaulamba mwiko, na Karani akaandika kwenye safu ya tatu: hakuna. Mwezi ulipokwisha walikuwa hawadaiwi na mtu.

Mwezi wa pili Karani alikwenda zahanati akarudi na habari. Alikuwa mjamzito. Nesi alimwambia damu yake ni ndogo, ale vizuri, ale kwa wawili. Akamsimulia mumewe yote, neno kwa neno, huku akipakua wali. Pipa alifurahi, akabaki anajikuna kichwa kama aliyesahau kilichomleta. Kisha akala nusu ya sahani yake, akaisogeza mbele.

"Malizia hii. Mimi nimeshiba."

"Wewe? Umeshiba?"

"Furaha inajaza tumbo, Karani. Kula."

Mwanamke mwingine yeyote angekula. Huyu alifanya nini? Aliufunika ule wali, akauweka pembeni, akafungua daftari. Kwenye safu ya tatu akaandika: nusu sahani. Asubuhi wakaupasha moto wakanywea chai, kwa hiyo mkate haukununuliwa, na hilo nalo likaandikwa. Jioni iliyofuata Pipa akashiba tena mapema. Na iliyofuata. Wiki ilipokwisha Karani akafanya kama alivyofundishwa: kwa kuwa chakula kinabaki, akapunguza. Vikombe vitatu vikawa viwili na nusu.

Pipa aliuona upungufu ule, bila shaka. Na kwa kuwa sufuria imepungua na mke anatakiwa ale kwa wawili, akala kidogo zaidi ya kidogo. Kwa hiyo chakula kikabaki tena. Vikombe viwili na nusu vikawa viwili. Ukitaka kulia, lilia hapo, maana wote wawili walikuwa wanapendana na wote wawili walikuwa wanaharibu.

Siku moja Pipa alirudisha zile sarafu za mchana, akazipanga kwenye dirisha.

"Bosi wetu huyu mpya anatulisha," alisema. "Wali na nyama, mpaka tunasinzia juu ya ngazi. Hizi weka kwenye kopo la mtoto."

Karani aliamini, na kwa nini asiamini? Yeye mwenyewe alilishwa kazini kila siku. Akachukua rula, akaufuta mstari wa chakula cha mchana kwa kalamu nyekundu, safi kabisa, na sarafu zikalia ndani ya kopo. Usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Mama mkwe alikuja kila Jumapili baada ya saa nne. Kabla hajakaa, kabla hajavua hata viatu, aliuliza jambo moja.

"Mwanangu amekula?"

"Amekula, mama. Na amebakisha."

Mara ya kwanza kusikia hivyo, mama mkwe aliduwaa. "Amebakisha? Pipa? Huyu hata ziwa alikuwa haliachi mpaka nimfinye pua."

"Watu hubadilika, mama," Karani akasema, na akamletea daftari. Alimsomea yote, vikombe na tarehe zake, na mkate waliouokoa, na kopo la mtoto lililokuwa zito sasa. Moyoni alikuwa anapigiwa vigelegele. Mama mkwe alisikiliza, akamtazama mwanawe aliyeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nimekuwa mtu mzima."

"Mashavu yako yameenda wapi?"

"Nimemuachia mtoto," Pipa akasema, na wote wakacheka tena, mama mkwe akiwa wa mwisho.

Karani alikereka. Alidhani mama mkwe anamtafutia sababu ya kuwarudisha. Na bado, mwanamke huyu ambaye ghalani alikuwa akitazama gunia tu na kusema limepungua robo kilo, na likipimwa ni kweli, alimwona mumewe akitoboa mkanda tundu jipya kwa msumari, akamshikia mkanda ili autoboe vizuri. Wiki tatu baadaye akamshikia tena. "Suruali za siku hizi zinalegea," Pipa alisema, naye akaitikia kwamba kweli, vitambaa vimekuwa vibaya. Jioni ile Karani alipima kikombe kimoja na nusu.

Alhamisi moja, mchana, alikuwa anahesabu madebe ya mafuta ya kupikia. Alikuwa amefika arobaini na moja alipoona viatu vyenye madoa ya rangi vimesimama mbele yake. Akainua uso akitabasamu, akijua ni mumewe. Kumbe alikuwa mwenzake na mumewe, fundi mfupi aliyekuwa akipaka naye rangi.

"Shemeji," akasema, "weka kalamu chini."

Njiani hakumwambia mengi, ila kwamba Pipa ameanguka. Ni pale kwenye benchi la hospitali, wakisubiri nje ya chumba cha upasuaji, ndipo Karani alipouliza.

"Aliteleza?"

"Hakuteleza. Ngazi iko pale pale mpaka sasa, haijasogea hata inchi. Alilegea tu, shemeji. Nilimwona. Brashi ilitangulia kuanguka, halafu yeye."

"Labda mlikuwa mmetoka kula, akasinzia. Alisema mkila wali huwa mnasinzia."

Yule fundi alimgeukia. "Kula wapi?"

"Si bosi wenu anawalisha?"

"Bosi? Bosi yule hata maji ya kunywa tunanunua wenyewe. Sisi saa ya kula tunashuka, Pipa anabaki juu, anasema anamalizia kona. Kila siku ana kona ya kumalizia. Tulipomkaribisha alisema mkewe amemfungashia, amekwisha kula. Sisi tukajua mna mambo yenu ya maharusi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Nisamehe. Ningekuambia mapema, lakini sikujua kama kuna cha kuambia."

Karani alitaka kusema si kweli, lakini hesabu ilikuwa imeshajipanga yenyewe kichwani. Mchana, hakuna. Asubuhi, chai na mabaki ya jana. Jioni, nusu ya kikombe kimoja na nusu, tena si nusu nzima. Nusu kwa miezi miwili, kwa mwanaume wa ukubwa ule, aliyekuwa akibeba ndoo za rangi kupanda ghorofa ya tatu.

Daktari alitoka jua likiwa linazama. Alisema uti wa mgongo umevunjika na utumbo umepasuka, huo wameushona. Kuhusu miguu hakutaka kuahidi chochote. Alisema watu huanguka umbali ule na wakapona upesi, lakini huyu mwili wake hauna kitu cha kujengea.

"Mgonjwa alikuwa anakula nini?" akauliza.

Dunia nzima hapakuwa na mke aliyeweza kulijibu swali hilo vizuri zaidi yake. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wake, limepangwa kwa tarehe, kwa vikombe na kwa robo. Hakulitoa. Alisema, "Sijui, daktari," na huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu aolewe.

Kopo la mtoto lilimwagwa kwenye dirisha la malipo asubuhi yake. Sarafu zilikuwa nyingi, mhasibu akalalamika. Zililipa kitanda cha siku nne.

Siku ya tatu walimwambia Pipa amezinduka. Karani alikimbia nyumbani kupika. Aliwasha mkaa, akachukua kikombe cha bati, akakijaza mchele, na mkono wa kulia ukaenda wenyewe kuchukua kisu. Alipokiona kisu kimekwisha kupita nusu ya kikombe, alikitupa ukutani. Akainua mfuko wote wa mchele, akaumimina mpaka sufuria ikakataa. Alipika akilia kwa sauti, hakujali jirani.

Wodini aliingia na sufuria imefungwa kwenye kanga, moto unamuunguza mapaja alipokaa. Pipa alikuwa amelala chali, mrija puani, mashavu hayapo. Nesi akaja mbio.

"Dada, huyu hali kwa mdomo. Utumbo bado. Labda wiki mbili, labda zaidi, daktari ndiye atasema."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko."

Basi akabaki ameikumbatia sufuria. Mvuke ulitoka pembeni ya kifuniko. Baada ya muda Pipa akafumbua macho, akamwona, akaona na sufuria. Midomo ilikuwa imepasuka na maneno yalitoka moja moja.

"Umepika."

"Nimepika."

"Kula wewe," akasema. "Mimi nimeshiba."

"Usiniambie hivyo. Nakuomba, usiniambie hivyo tena."

Lakini alikuwa amekwisha fumba macho. Karani akafunua sufuria, akaanza kula. Hakuwa na njaa. Alikula kwa sababu katika miezi miwili hicho ndicho kitu pekee ambacho mumewe alikuwa amemwomba, kila jioni, naye kila jioni alikifunika na kukiandika. Wali ulishuka na machozi na kamasi. Akaendelea.

Ndivyo mama mkwe alivyomkuta. Alisimama mlangoni pa wodi, viatu miguuni, pumzi zikiwa juu kwa ngazi alizopanda, na swali likamtoka kabla hajajua amelisema.

"Mwanangu amekula?"

Jibu la Jumapili zote lilikuja mpaka kwenye ulimi. Karani akalimeza pamoja na wali.

"Hajala, mama," akasema. "Hajala siku nyingi. Alikuwa ananiachia mimi, na mimi naandika kwamba amebakisha."

Alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe. Mama mkwe akamfunika mwanawe mguu uliokuwa wazi, mguu ambao haukujua kama umefunikwa. Halafu akavuta kiti, akakaa karibu na mkwewe.

"Chumba chenu kule kwangu nimekifagia," akasema. "Mkiruhusiwa, mnakuja."

Karani akaitikia kwa kichwa. Alishusha kijiko, akataka kukifunika chakula. Mama mkwe akakizuia kifuniko kwa mkono.

"Malizia, mwanangu. Usibakishe."