Jenerali Alilala Mulangoni

Miye na Mama Félicité tulikuwa na falme mbili na mukeka moja.

Kila nyuma ya saa sita, hapa kwangu mu mutaa wa Lumumba, tulichagua maharagi na kupiganisha vita. Maharagi nyekundu ilikuwa watu wangu, wapanda ng'ombe wa pembe za dhahabu. Mwalimu aliniambiaka Régine maana yake malkia, basi nilijifanya malkia bila kuomba ruhusa ya mutu. Nyeupe ilikuwa watu wake, wachimbaji wa chini ya jiwe. Katikati, chini ya kifuniko cha sufuria, aliishi Joka Mumeza-Majina. Akikumeza, hata mama yako anasahau namna alikuita. Kumushinda, lazima tupatane: wachimbaji wafungue mulango ya mawe, ng'ombe zangu zipite. Miaka mbili tulibishana nani atatangulia. Jioni tulipika majeshi yote na mafuta ya ngazi, mawese nyekundu.

Ila mumoja hatukumupika. Haragi nyeupe, kubwa, yenye alama nyeusi: Jenerali Marcellin, mulinzi wa mulango. Marcellin njo jina ya bwana ya Mama Félicité, aliyebaki mu udongo kule Djugu siku walikimbia vita ya kweli. Mama Félicité alisemaka: "Kwangu hapa, Joka hatamupata."

Siku moja alikuwa ananishinda sana. Nikaona nimuchokoze.

"Malkia wa wachimbaji, habari mubaya. Jenerali yako alilala mulangoni."

Miye nilitaka kusema usingizi. Marehemu alikuwaka anakoroma mu misa, miye mwenyewe nilimusikia kule Djugu, mpaka padri anangoja. Lakini yeye alisikia ile ya matangazo ya kanisa: ndugu yetu alilala, mazishi saa nane.

Uso yake ikaanguka. "Unamuua weye, Régine?"

Ningesema palepale. Sikusema. Kicheko kilikuwa mu mashavu, nikafikiri: aumie kidogo, kesho nitamufufua, itakuwa tamu zaidi. Ona akili ya muzee.

Akavaa viatu, akaenda. Binti yake Nadège, aliyemuombaka kila mwezi aende kuishi kwake Aru, kesho yake alipata jibu: ndiyo.

Sasa miezi tatu. Ninachagua peke yangu, mukono ya kuume inapigana na ya kushoto. Ya kushoto haijue hata kutukana. Jenerali iko mu fundo ya kitenge yangu. Siku moja njaa ilinijaribu, sikumugusa.

Juzi nikashika telefone, nikamutumia sauti: "Yaya, dada yangu, Marcellin hakufa. Ilikuwa usingizi tu. Niliona umesikia vibaya, nikanyamaza kwa utundu. Kosa iko yangu."

Jibu ilikuja kesho yake. "Kama ni usingizi, alikoroma namna gani? Miye nililala pembeni yake miaka trente, thelathini nzima. Fanya, nisikie."

Nikafunga mulango. Nikavuta pumzi kama pikipiki inapanda mulima, halafu filimbi ndogo, halafu kimya, kama mutu aliyesahau njia, halafu pikipiki tena.

Jirani yangu Gentille akagonga. "Mama Régine, uko mugonjwa?"

"Niache, niko mu kazi ya serikali!"

Nikatuma. Nikangoja. Maji ya chai ikachemka, ikakauka.

Sauti yake ikafika. Kwanza kuku za Aru tu. Halafu: "Ile filimbi iko yake." Akapenga kamasi. "Muamshe basi. Afungue mulango. Ingiza ng'ombe zako, muke mubaya weye."

Nikamuuliza: "Na weye unarudi lini?"

"Sirudi, Régine. Miguu yangu iko ya Nadège sasa. Unipashe habari ya vita."

Nikafungua fundo. Nikaweka jenerali kando ya kifuniko, nyekundu zikapita mbele yake moja moja, mpaka ya mwisho. Nikainua kifuniko.

Chini, mukeka tu. Nilisahau: Mama Félicité njo alifanyaka Joka, kwa ile sauti yake nzito ya tumbo. Nikakaa pale, kifuniko mu mukono, mpaka mugongo ukaniuma.

Halafu nikabonyeza telefone.

"Yaya, jeshi imefika. Nguruma."