Barua Kwanza, Mkopo Baadaye

Kwa miaka kumi na mbili hakuna fomu iliyotoka dukani kwangu ikarudishwa. Sijisifu, nasema kazi ilivyo. Nina mashine mbili za fotokopi, kompyuta moja inayokohoa na benchi la wateja, na wanafunzi wote wa upande wetu wa mji hupita hapo wakitafuta vyuo na mikopo. Fomu zao nazijaza mwenyewe, kwa kalamu, kwa mwandiko ambao hata mwalimu wangu wa darasa la pili angeutambua. Na utaratibu ni mmoja: fomu haitoki mpaka viambatisho vyote viwe mezani. Kikikosekana kimoja, faili linakaa rafu ya juu na mwenyewe anakwenda zake kusubiri.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu alipokuja Jumatano asubuhi kuulizia mkopo, sikuinua hata kichwa.

"Barua ya chuo kipya unayo?"

"Inatoka wiki ijayo, Shangazi."

"Basi njoo wiki ijayo."

Hakuondoka. Huyu tunamwita Maswali, jina alilojipatia mwenyewe akiwa na miaka minne, alipotaka kujua kwa nini kitana kina meno na hakiumi. Mwaka mzima alikuwa anasoma uhasibu kwa mkopo na kupungua mwili. Sasa alitaka kuhamia chuo cha maabara, maana hamu yake ni kujua ndani ya tone la damu kuna nini. Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alikubali kwa sharti moja: mkopo upatikane. Ukikosekana, binti anarudi kwenye uhasibu na habari inaishia hapo.

"Wanaacha kupokea maombi ya mkopo lini?" akaniuliza.

"Ijumaa saa tisa."

"Na barua ni wiki ijayo."

"Ndiyo."

"Sasa Shangazi, mtu anayehama anaombaje?"

"Anasubiri. Mwakani anaomba."

"Na wale wanaoanza mwaka wa kwanza, wanaomba wakiwa na barua?"

Hapo stepla ilinigandia mkononi. Fomu za mwaka wa kwanza nimejaza mamia. Barua hawana. Wanaandika tu vyuo walivyoomba, na mambo yanakwenda.

"Wale ni wapya," nikasema. "Wewe unahama."

"Tofauti iko wapi?"

Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamwambia asinijibu methali kwa methali, mimi si rika lake. Lakini swali lilikuwa limeshaingia kama mchanga kwenye jicho. Nilijaribu kukumbuka ni nani aliyenifundisha kwamba anayehama husubiri barua kwanza. Si ofisi ya mikopo. Si chuo chochote. Nilimtafuta mtu huyo kichwani huku nikitoa kopi za kitambulisho cha mteja, nikatoa kopi nane badala ya mbili, na mtu huyo sikumpata. Nikaanza kushuku kwamba nilijifundisha mwenyewe.

Saa tano nikafunga duka, jambo ninalofanya kwa ajili ya msiba tu, tukaenda.

Ofisi ya mikopo ina madirisha matatu na siku hiyo mawili yalikuwa yamefungwa. Kwenye lililo wazi alikaa karani kijana, miwani yake imeshikizwa kwa selotepu. Maswali alimvamia bila salamu ndefu. Nilidhani kijana atanuna, kumbe alikuwa kama mtu aliyekaa siku nyingi bila kuulizwa jambo la maana.

"Unaomba sasa hivi," akasema. "Unaandika chuo unachohamia, unaweka alama hapa panaposema unahama. Barua ikitoka unatuletea, tunaiambatisha."

"Na mkopo wa chuo cha zamani haunifuati?"

"Mkopo haumfuati mtu. Ule umepangwa kwa chuo kile. Huku unaomba upya, na ule unaandika barua usitishwe. Ukinyamaza, pesa inakwenda kule na wewe uko huku."

"Niandike leo usitishwe?"

"Leo hapana. Subiri upate nafasi kwanza. Ukiikosa, unabaki kule na mkopo wako kama ulivyo, na ombi hili linajifia lenyewe."

Maswali aliandika yote kwenye kiganja chake. Nami nikauliza langu.

"Utaratibu huu umeanza lini, mwanangu?"

"Mimi nina miaka tisa hapa, mama. Niliukuta."

Masikio yaliniwaka moto. Tulikaa kwenye benchi, safari hii akajaza mwenyewe. Kwenye nafasi ya barua ya chuo akaandika "italetwa". Mkono wangu ulitaka kumnyang'anya kalamu. Sijawahi kukabidhi fomu yenye pengo, na niliona aibu kana kwamba nimetoka nyumbani na nguo ya kulalia.

Karani aliipokea, akaisoma mstari kwa mstari, akagonga muhuri na kumpa Maswali stakabadhi. Kisha akarudi kwenye anwani.

"Mnatoka upande wa stendi ya zamani? Kuna kitu nimetaka kuuliza siku nyingi. Kule, wanaoanza mwaka wa kwanza wanaleta fomu nyingi, safi, mwandiko mmoja. Lakini anayehama chuo sijawahi kumwona. Hata mmoja. Tukasema labda watu wa kule wanajiweza."

Maswali alitazama sakafu. Maisha yake yote sijamwona na jambo la ajabu mbele yake akakosa swali.

"Labda hawajui tu, kaka," akasema taratibu.

Alikuwa ananisitiri. Iliniuma kuliko kama angenisema mbele ya watu.

"Wameelekezwa vibaya," nikasema. "Mwandiko huo ni wangu."

Kijana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba dirisha liko wazi mpaka Ijumaa saa tisa.

Mwaka huu wanaohama, ambao faili zao zilikaa rafu yangu ya juu, walikuwa watano. Nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi nikatoa simu na kumpigia wa kwanza, mama mmoja anayefundisha watoto wa chekechea, anayetaka kuhamia chuo cha ualimu kilicho karibu na wanawe. Alipata nafasi mwaka jana, barua ikaja siku nne baada ya maombi ya mkopo kufungwa, ikabidi aiache nafasi hiyo.

"Mama, barua bado haijatoka," akaanza yeye, kwa wasiwasi wa mtu anayetarajia kugombezwa.

"Najua. Njoo dukani leo. Tunaomba bila barua."

"Kwani inawezekana?"

"Inawezekana."

"Na mwaka jana ilikuwa inawezekana?"

Maswali alikuwa amesimama ngazi moja chini yangu, ananitazama usoni.

"Ilikuwa inawezekana," nikasema.