Sheria ya Janelle

Janelle alitetemeka hata vyuma vya kitanda vikawa vinalia. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka tangu jana yake, mimba ya miezi minne, na daktari alisimama mlangoni, mikono mifukoni.

"Moyo wa mtoto bado unapiga, na sheria inakataza kuitoa mimba," alisema. "Wanasheria wa hospitali wanataka tungoje."

"Tungoje nini?" aliuliza Verna, mama yake Janelle.

Daktari akatoka, akaufunga mlango.

Wakangoja. Sumu ya maambukizi ikaingia damuni, na kufikia Jumapili Verna alikuwa anachagua gauni la kumzikia mwanawe.

Mwaka mzima baada ya hapo alipanda ngazi za bunge la jimbo, akisimulia mbele ya kamati hii na ile. Nyumbani alisikia vyuma vikilia. Alikwenda chumbani kwa binti yake akakuta kitanda kimetandikwa, kimenyamaza. Seneta Gaddy, ambaye chama chake ndicho kilichopitisha marufuku ya kutoa mimba, alimsikiliza akalia machozi ya kweli. Akaandika mswada wa kuilegeza, akaupa jina la Janelle.

Siku ya gavana kutia saini, Gaddy alimvuta Verna kando.

"Kuna kipengele tumekiondoa, mama. Kile cha chupa kupasuka."

"Si ndicho kilichomuua?"

"Najua. Lakini wenzangu wangeuangusha mswada mzima. Tumepata ruhusa kwa wale waliobakwa, mpaka wiki ya sita ya mimba. Siasa ndiyo hiyo, unapata nusu."

"Kwa hiyo Janelle angekuja leo, na hali ileile, wangemtibu?"

Gaddy aliinyoosha tai yake. "Akishafikia hatari ya kufa, ndiyo."

"Alifikia."

"Mama Verna, tukiikosa nafasi hii leo, labda hatuipati tena. Wewe simama nasi tu. Huna haja ya kusema kitu."

Verna alisimama nao. Hakujua miguu ilimpelekaje. Labda kwa kuwa gavana alilitamka jina la Janelle kwa sauti, mara mbili, na tangu mazishi watu wa mtaani kwao walikuwa wakilikwepa.

Makofi yalipotulia, watu walipanga foleni kumshika mkono. Mwanamke kijana, tumbo limeanza kuchomoza, akamkumbatia kwa nguvu.

"Nilikuwa silali, mama," alinong'ona. "Mimba ya kwanza iliharibika, nusura nife. Na hii nayo daktari ana wasiwasi nayo. Lakini sasa hawawezi kuniacha, sivyo?"

Verna alifungua kinywa. Mkono wa Gaddy ulikuwa umetua begani mwake, mzito, wenye joto.

"Tazameni huku!" mpiga picha aliita. "Mama, tabasamu kidogo."

Taa zilimulika. Alipoweza kuona tena, yule mwanamke kijana alikuwa ameshafika mlangoni, anacheka kwenye simu, anamwambia mtu kwamba yote yamekwisha, wanunue kitanda cha mtoto.