Asali Ana Mwenyewe

Jumapili ile katekista Nicodemo alihubiri juu ya ulimi. Alisema ulimi uchungwe kama ng'ombe anayepita kando ya shamba la ngano la jirani: ukigeuza shingo kidogo tu, ameshaingia. Genoveva aliitikia kwa kichwa mpaka kitambaa kikataka kumdondoka kichwani. Hakuwa akiitikia kwa ajili yake mwenyewe. Aliitikia kwa niaba ya Evaline, aliyekaa benchi la mbele, maana pale kijijini Tumati mwenye maneno mengi, kwa maoni ya Genoveva, alikuwa Evaline. Hata alimgusa bega kidogo, asije akasinzia likampita.

Jumanne, ulimi wa Genoveva ukaingia kwenye ngano.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu mkoa mpya wa Manyara uanze, na maofisa wageni walikuwa wakija vijijini na fomu za kila namna. Kissa, binti wa Mbeya aliyeletwa kuwa mtaalamu wa mifugo, alipanda kilima akihema, akamkuta Genoveva anamaliza kumkamua Asali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, unywe maziwa kwanza. Mlima huu hauna adabu kwa wageni."

Kissa akanywa. Akamtazama Asali, rangi yake ya asali mbichi, mgongo ulionyooka, kwato safi. "Bibi, huyu ng'ombe ni mzuri jamani! Ni wako?"

Hapo angeweza kusema, namtunza tu. Maneno mawili. Lakini sifa ni tamu.

"Wangu," akasema.

"Amezaliwa wapi?"

"Zizi hili hili. Na mama yake pia."

"Na bibi yake?"

"Naye."

"Na baba yake?"

"Baba alipita tu," akasema Genoveva, na Kissa akacheka akaandika yote. Kisha akasema Jumamosi kutakuwa na maonyesho kwenye uwanja wa shule, atafutwe mfugaji bora wa kata, na bibi aje na ng'ombe wake awaeleze wenzake.

Binti alipoteremka, Genoveva akabaki ameshika ndoo, akitazama ng'ambo ya bonde.

Maana Asali alikuwa wa Severina, rafiki yake aliyekaa huko ng'ambo. Huku watu wamezoea kugawa ng'ombe wao kwa marafiki, mmoja hapa, mmoja kule, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize wote, na ili majirani wasijue nani ana nini. Anayetunza hunywa maziwa na kupata samadi. Mwenyewe hubaki na ng'ombe wake na siri yake. Haiandikwi popote. Lakini anayetunza akianza kusema "wangu" mbele za watu, mwenyewe huja na kamba, humfungua ng'ombe bila ugomvi, na urafiki umekwisha.

Severina alimleta Asali asubuhi moja, miaka minne iliyopita, wiki ile Genoveva alipomzika mumewe. Hakusema pole nyingi. Alimfunga ng'ombe mlangoni, akasema, "Watoto wanahitaji maziwa," akaenda zake. Wajukuu wawili wa Genoveva walikuwa wamekua kwa maziwa hayo.

"Severina hapendi mikusanyiko," Genoveva alijiambia siku tatu mfululizo. "Hatakuja."

Jumamosi Severina alikuja. Alisimama nyuma kabisa, amejifunga shuka lake la bluu, kikapu mkononi.

Margwe, mwenyekiti wa kijiji, alimpokea Genoveva kwa sauti iliyofika barabarani. "Karibu, mama! Leo tumekupa ruhusa ya kuongea. Siku nyingine huwa unajichukulia!"

Watu wakacheka. Kissa akasoma kwenye fomu: Asali, mama yake, bibi yake, wote wa zizi moja. Genoveva alitazama kwato za Asali kana kwamba hakuwahi kuziona. Na hapo Severina akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha vumbi.

Asali akainua masikio. Akavuta kamba, akamburuta Genoveva katikati ya watu, mpaka mbele ya yule aliyemlea akiwa ndama. Akaanza kumlamba mkono.

Watu wakanyoosha shingo.

"Magadi," akasema Severina polepole. "Nikipita huwa namlambisha magadi. Ananidai, huyu."

Watu wakapumua. Kissa akatabasamu, akainua zawadi, kopo jipya la maziwa linalong'aa, lenye mfuniko na mkono wa kubebea. Genoveva alikuwa amepona. Angenyoosha mkono tu.

Lakini aliona jinsi Severina alivyomrudisha ng'ombe: alimsukuma kwa upole, uso umeinama, kama yeye ndiye mwenye kosa. Kama angemkaripia, Genoveva angejibu, maana majibu hakuwahi kupungukiwa. Lakini hakumkaripia.

"Mwanangu," akamwambia Kissa, "futa hapo. Nilikudanganya. Asali si wangu. Hakuzaliwa kwangu, na bibi yake simjui hata kwa sura. Mimi namtunza tu."

"Eh! Basi ni wa nani, bibi?"

Wote wakamgeukia Genoveva, huyu ambaye hajawahi kujua jambo saa moja bila majirani kulijua saa mbili. Jina lilifika mpaka kwenye meno. Akalirudisha.

"Ni wa mtu mwema. Jina lake si langu kulitoa."

Kissa akamtazama ng'ombe, aliyekuwa bado ananyoosha ulimi kuelekea shuka la bluu. "Kwani si huyu ma..."

Uwanja mzima ukapata kikohozi. Margwe akaangalia mawingu akauliza kama mvua itanyesha. Evaline akainama kufunga kiatu, naye alikuwa amevaa kandambili. Kissa, ambaye hakuwa mjinga, akafunga fomu.

"Hapa nimeandikiwa mfugaji bora," akasema. "Anayetunza. Lakini bibi alidanganya, kwa hiyo kopo litaenda kwa mwingine."

"Ni haki, mwanangu," akasema Genoveva. Kopo likaenda kwa Evaline. Hilo lilimuuma kidogo, tusimfiche.

Kesho yake, kabla ya misa, alimwona Severina akipanda kilima. Mkononi alikuwa na kamba.

Genoveva hakubisha. Alichukua ndoo, akakamua mara ya mwisho, akawaita wajukuu wamuage Asali. Kisha akasimama mlangoni na maneno yake yote ya kuomba radhi, aliyokuwa ameyapanga usiku kucha.

Severina akamfungua ng'ombe. Akaitupa chini kamba ya zamani, akamfunga kwa ile mpya, pale pale mlangoni.

"Jana ng'ombe alipokuburuta niliona kamba ya zamani imeanza kukatika," akasema. "Angekuvunja kiuno."

Genoveva akafungua mdomo. Akaufunga.

Severina akamtazama kwa wasiwasi. "Jana jina hukulitaja, na leo unanyamaza tena? Wewe, mama, unaumwa?"

"Nachunga ulimi," akasema Genoveva, na wakateremka pamoja kwenda misa.